Kizhi, Maramureș au vijiji vya Walemko: uende kuona kanisa gani la mbao?

Hili swali huwa naulizwa na watu wa aina mbili. Kuna Waorthodoksi wenzangu wa kwetu, Bukoba, Nairobi, Kampala, walioko masomoni au kazini Ulaya, wana likizo ya wiki moja na hela ya safari moja, wanataka wakasimame kwenye kanisa la kijijini la mbao angalau mara moja maishani. Afu kuna mafundi na wanafunzi wa usanifu majengo ambao mambo ya dini hata si yao sana, wao wanataka waone kwa macho jengo la magogo lililosimama miaka 300 bila zege wala nondo. Wote wanakwama palepale, maana wakitafuta picha wanakutana na makanisa ya sehemu tatu tofauti, Kizhi ya Urusi, Maramureș ya Romania, na vijiji vya Poland vilivyokuwa vya Walemko, kabila la milimani, yote mazuri, na hawajui waanze na lipi.

Mi ni mtoto wa seremala, nimekulia kwenye vumbi la mbao, kwa hiyo haya makanisa nayapenda mara mbili. Nimefika sehemu zote tatu miaka tofauti. Nitakueleza kila moja ilivyo, wewe uangalie ipi inakufaa.

Mambo ninayoangalia

La kwanza historia, yaani nani walijenga na yakawapata yapi, maana kanisa la kijiji ni habari ya wanakijiji kwanza kabla halijawa jengo. La pili ujenzi. La tatu kilichomo ndani, michoro na picha takatifu. La nne kama watu bado wanasali humo au limebaki la kuangaliwa tu. La tano kufika, hapo naweka viza, usafiri, hela na msimu.

Kitu kimoja kinayaunganisha yote nikiseme mapema nisikirudie. Kuta za makanisa haya ni magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, na kwenye kona yamechongwa yaumane, hili limeng'ata lile, uzito wa paa wenyewe ndo unazidi kuyakaza. Watu wakisema "limejengwa bila msumari" wanamaanisha hizo kuta. Msumari ungeharibu, maana gogo linavimba masika na kusinyaa kiangazi, likishikwa na chuma linapasuka, lakini likiumana na mwenzake linacheza kidogo na kutulia. Baba alikuwa anatuambia mbao ya masika na mbao ya kiangazi si mbao moja, na nilipoona zile kona ndo nikamwelewa vizuri.

KIZHI, URUSI

Historia. Kizhi ni kisiwa kidogo ndani ya ziwa Onega, Karelia, kaskazini magharibi mwa Urusi. Ndani ya ua mmoja kuna makanisa mawili na mnara wa kengele. Kanisa kubwa la Kugeuka Sura kwa Bwana ni la 1714, enzi za Peter wa kwanza, mfalme wa Urusi. Jirani yake, la Ulinzi wa Mama wa Mungu, lilianza 1694 na kuba zake 9 zilikuja 1764. Mnara ni wa 1862, ukajengwa upya 1874. Kwa nini makanisa mawili pamoja? Ni baridi. Lile kubwa halina moto ndani, linasaliwa majira ya joto tu, baridi ikianza ibada inahamia lile dogo linalopashwa moto. Vijiji vilitawanyika visiwani na kwenye kingo za ziwa, watu walikuja kusali kwa mitumbwi, wakazikana hapohapo, na mikutano yao ya kijamii ilifanyika hapohapo. Hata maasi makubwa ya wakulima ya 1769 hadi 1771, walipokataa kulazimishwa kufanya kazi viwandani na machimboni, yalikuwa na kitovu chake hapa, na yaliisha pale askari walipofyatulia umati mizinga mbele ya haya makanisa. Ukisimama kwenye zile nyasi za kijani zenye utulivu unaona tabu kuamini.

Ujenzi. Hapa Kizhi haina mpinzani kwa paa. Chini kuna chumba cha pande nane, kila upande wa dunia, mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, kimeongezewa chumba kama mkono, hivyo ukiangalia kutoka juu unaona msalaba. Juu ya hiyo pembe nane imekaa pembe nane ndogo zaidi, na juu yake nyingine, na kila ngazi imebeba kuba zake za umbo la kitunguu, mpaka zinafika 22, kilele kikiwa mita 37 kutoka chini. Kuta ni za msonobari. Kuba zimevikwa vigae vya mbao ya mti wa aspeni, kama 30,000 hivi, kila kimoja kimechongwa kwa mkono, na hivi ndivyo vilivyopigiliwa misumari. Aspeni ikipigwa na jua na mvua inageuka rangi ya fedha, kwa hiyo asubuhi kanisa ni jeupe, jioni lina wekundu, siku ya mawingu ni la kijivu kabisa. Ndani ya lile paa limefichwa paa lingine la kukinga maji yanayopenya na kuyatoa nje, ufundi ambao mgeni haoni ila ndo uliolifikisha hapa lilipo.

Wenyeji wanasimulia kwamba fundi Nestor alipomaliza alitupa shoka lake ziwani akasema halijawahi kuwepo kanisa kama hili na halitakuwepo tena. Ni hadithi tu, ila shoka limetajwa kwa sababu, maana mafundi wa kule walichonga kwa shoka zaidi ya msumeno, msumeno unaacha nyuzi za mti wazi zinanyonya maji, shoka linazibamiza zikafunga.

Na ukarabati wake ni somo peke yake. Miaka ya 1980 kanisa lilikuwa limeanza kuinama na kuoza, wakatoa vyote vya ndani wakaweka kiunzi cha chuma kulishikilia, likafungwa kwa waumini na wageni kwa miaka mingi sana. Kisha mafundi wakaja na njia ambayo nikimhadithia seremala yeyote anakaa chini kwanza, waliligawa kanisa mikanda saba ya kulala, mmoja juu ya mwingine, wakaliinua hewani kwa majeki kwenye kile kiunzi, wakatoa mkanda wa chini kabisa, wakabeba magogo hadi karakana, lililooza lote likabadilishwa, lililooza kipande likakatwa na kuungiwa kipande kipya cha msonobari uleule, wakarudisha, wakaingia mkanda unaofuata. Jengo zima linaning'inia huku miguu yake inatengenezwa! Kazi ikaisha na milango ikafunguliwa tena 2020.

Ndani. Ukuta wa picha takatifu unaotenganisha waumini na madhabahu una ngazi nne na picha 102, umerudishwa baada ya ukarabati. Ila jua mapema kwamba dari iko chini kuliko unavyotegemea, zile kuba 22 huzioni kutoka ndani, ni za kutazamwa kutoka ziwani. Wengi wanavunjika moyo hapa, mi naona ndo busara yenyewe, kanisa lilijengwa limwite mtu aliye mbali kwenye mtumbwi.

Ibada. Ipo kwa msimu na sikukuu, lakini kisiwa ni makumbusho tangu 1966, na UNESCO waliliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 1990. Utakutana na watalii wengi kuliko waumini.

Kufika. Unakwenda mji wa Petrozavodsk kwa treni kutoka St Petersburg au Moscow, halafu boti ya kasi, saa moja na kidogo. Ziwa linaganda, kwa hiyo msimu wa boti ni majira ya joto na pembezoni mwake. Sasa ugumu, tangu Machi 2022 kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje hazifanyi kazi Urusi, beba pesa taslimu ya kutosha safari nzima, na kwa sababu ya vita soma kwanza tahadhari za nchi yako na masharti ya bima yako ya safari. Aliyeko Ulaya magharibi hii ndo safari ndefu na ghali kuliko zote tatu.

MARAMUREȘ, ROMANIA

Historia. Hapa hatuzungumzii kanisa moja, ni eneo zima la vijiji kaskazini mwa Romania, na UNESCO mwaka 1999 walichagua manane: Bârsana, Budești, Desești, Ieud, Plopiș, Poienile Izei, Rogoz na Șurdești. Mwaka 1717 Watatari walivamia wakachoma makanisa mengi ya eneo hili, na ndo maana utakutana na makanisa kama Bârsana ya 1720, watu walikuwa wanainuka kutoka kwenye majivu. Ieud wana kanisa wanalolitaja kwa fahari kuwa ni la 1364, ila wataalamu walipopima pete za magogo wakakuta miti ilikatwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kwangu halipungui kitu, miaka 400 ya mbao ni mingi tayari.

Kuna jambo la madhehebu ambalo Mworthodoksi akifika bila kulijua atachanganyikiwa. Kuanzia karibu 1700 wengi wa huku waliungana na Roma huku wakibaki na liturujia yao ileile ya mashariki, wakaitwa Wakatoliki wa Kigiriki. 1948 serikali ya kikomunisti ikalifuta kanisa hilo na majengo yakaenda kwa Waorthodoksi, baada ya 1989 baadhi yakarudishwa. Kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na kanisa la mbao la Waorthodoksi na lingine la Wakatoliki wa Kigiriki, na michoro inafanana. Ukiongea na wenyeji nenda taratibu kwenye hili, ni kidonda cha babu zao, hakijapona kote.

Ujenzi. Ukiwa mbali unaona mnara mwembamba uliochongoka kama sindano, na chini yake paa refu, zito, lenye mikunjo miwili kama mtu aliyevaa kofia mbili, ile ya chini inakinga kuta na mvua. Mnara wa Șurdești unafika mita 54. Mita 54 za mbao, na chini kanisa lenyewe ni dogo, watu wachache tu wanajaa. Msingi ni mawe ya mtoni, magogo ni mwaloni au miti jamii ya msonobari kutegemea kijiji, Rogoz wametumia mti wa elmu na ncha za magogo zimechongwa vichwa vya farasi. Budești mnara umezungukwa na vimnara vinne vidogo. Mpango wa ndani uko vilevile karibu kote, ukumbi wa mbele ambako zamani walisimama wanawake, ukumbi wa kati wa wanaume, na madhabahu.

Ndani. Hapa Maramureș inazishinda zote, nasema bila kusita. Kuta zote zimechorwa, juu mpaka chini. Walipaka gundi vipande vya kitambaa kwenye maungio ya magogo ili ufa usikate uso wa mtakatifu, wakapaka rangi nyeupe ya msingi, wakachora. Na wachoraji tunawajua kwa majina, Alexandru Ponehalschi alichora Ieud 1782, Radu Munteanu alichora Desești 1780, Toader Hodor alichora Bârsana 1806. Poienile Izei ndo wamechora jehanamu kwa kirefu, kila dhambi na adhabu yake, na ukiangalia vizuri unaona wale wenye dhambi wamefanana na watu wa palepale kijijini. Mtu asiyejua kusoma alisomeshwa hapo ukutani kila Jumapili. Nilikaa kwenye kigoda karibu saa nzima nikitazama ukuta mmoja, mlinzi wa kanisa akawasha mshumaa ili nione kona, hakusema neno.

Ibada. Vijiji vinaishi. Vijiji vingi sasa vina kanisa jipya kubwa la matofali, la mbao linatumika siku maalumu, lakini Jumapili bado utaona wanawake na sketi za maua na vitambaa kichwani wakienda kanisani kwa miguu, utadhani uko Bukoba asubuhi ya Pasaka. Na ufundi haujafa, monasteri ya Bârsana iliyojengwa upya baada ya 1989 ni ya mbao kwa mtindo uleule.

Kufika. Ndege hadi Baia Mare au Cluj, kisha gari la kukodi, maana mabasi ya vijijini yanakupotezea siku. Habari nzuri ni kwamba Romania imeingia Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kikamilifu tangu 1 Januari 2025, kwa hiyo viza yako ya Schengen ya Ujerumani au Ufaransa inatosha. Gharama za vijijini ni nafuu, unalala kwenye nyumba za wenyeji na kula kwao. Milango ya makanisa mara nyingi imefungwa, angalia mlangoni, kuna namba ya simu ya mwenye ufunguo.

VIJIJI VYA WALEMKO NA MAJIRANI ZAO, POLAND

Historia. Hii ndo iliyonichoma moyo. Mwaka 2013 UNESCO waliorodhesha makanisa 16 ya mbao ya milima ya Carpathia, 8 Poland na 8 Ukraine, yaliyojengwa kati ya karne ya 16 na 19 na jamii za Waorthodoksi na Wakatoliki wa Kigiriki. Nazungumzia ya Poland kwa sababu Ukraine iko vitani na siwezi kumtuma mtu. Waliojenga ni Walemko na Waboyko, makabila ya milimani, pamoja na Waukraine. Aprili 1947 serikali ya Poland ilianza operesheni iliyoitwa Vistula, watu kama 140,000 wakang'olewa vijijini kwao wakatawanywa magharibi na kaskazini mwa nchi. Nyumba zikabaki tupu, zikachomwa au kuchukuliwa. Makanisa mengi yakaanguka, yaliyobaki mengi yaliokolewa kwa sababu Wakatoliki wa Kilatini, yaani Wakatoliki wa Roma wa kawaida kama wa kwetu, walihamia humo kusali. Kwa hiyo utaingia kanisa lenye ukuta wa picha takatifu za mashariki, na mbele yake kuna meza ya misa ya Kilatini.

Ujenzi. Faida ya hapa ni kwamba unapata mitindo kadhaa kwa safari moja. Wa Walemko, mfano Kwiatoń, una sehemu tatu mfululizo na mapaa yanayoshuka kama ngazi, mnara wa magharibi ndo mrefu, kisha ukumbi, kisha madhabahu, kila moja na kikuba chake. Wa Waboyko, mfano Smolnik wa 1791, hauna mnara mbele, paa la katikati ndo limeinuka na yale mawili yameinama pembeni. Na Radruż, la mwishoni mwa karne ya 16, limezungukwa na ukingo mpana wa paa ambao unaweza kutembea chini yake mvua ikinyesha. Nje mengi yamevikwa vigae vidogo vya mbao, utadhani magamba ya samaki.

Ndani. Kuta za picha takatifu za kuchongwa na dhahabu, Radruż wana michoro ya ukutani ya 1648, Chotyniec wana Hukumu ya Mwisho ya 1735. Kwa jumla si michoro ya kufunika kila kona kama Maramureș.

Ibada. Inategemea. Turzańsk bado ni parokia ya Kiorthodoksi, Chotyniec ya Wakatoliki wa Kigiriki, Kwiatoń ya Wakatoliki wa Kilatini, Owczary Wakatoliki wa Kilatini na wa Kigiriki wanagawana jengo moja. Hilo la Owczary lilinipa faraja.

Kufika. Rahisi kuliko zote. Ndege za bei ya chini zinatua Kraków na Rzeszów, barabara nzuri, vibao vya njia ya majengo ya mbao viko kila mahali, na majira ya joto makanisa mengi yanakuwa na mtu wa kukufungulia na kukueleza.

Sasa wewe uko upande gani?

Kama wewe ni fundi au unasoma usanifu na swali lako ni jinsi mbao inavyobeba mbao mpaka juu, Kizhi itakulipa, na uende siku unayoweza kukaa kisiwani saa nyingi kuliko ziara ya kawaida. Usiahirishe milele, mwaka 2018 kanisa la Kondopoga la 1774, lililokuwa karibu na ziwa hilohilo, liliteketea kwa moto likaisha siku moja. Lakini kama kusafiri Urusi kwa sasa kunakupa wasiwasi, au hela ni ya kuhesabu, usijilazimishe, mnara wa Șurdești utakufundisha mengi ya kiunzi vilevile.

Kama unachotaka ni kusali, au una watoto unataka waone imani ikiwa hai kijijini, au unapenda michoro, nenda Maramureș, tenga siku nne, makanisa mawili kwa siku yanatosha, ukizidisha hapo yanaanza kuchanganyika kichwani. Uko Bucharest kikazi na huna hizo siku? Makumbusho ya vijiji pale mjini yana kanisa la mbao la 1722 lililohamishwa kutoka Dragomirești, Maramureș, mwaka 1936.

Kama historia ya watu waliohamishwa kwa nguvu inakugusa, na kwetu Maziwa Makuu wako wengi wanaoijua hiyo habari bila kusimuliwa, nenda Poland. Pia kama una wikiendi moja tu, au ndo mara yako ya kwanza kuendesha gari Ulaya. Anzia Kwiatoń na Owczary siku moja, yako karibu. Mwenye siku moja tu aende Sanok, kuna makumbusho ya wazi ya tangu 1958 yenye makanisa ya Waboyko na Walemko ndani ya uzio mmoja.

Ukiwa na mzee asiyeweza kutembea sana, Poland kwanza, Kizhi mwisho kwa sababu ya boti na kutembea kisiwani. Popote utakapokwenda akina dada wabebe kitenge au khanga ya kufunika kichwa na ya kufunga kiunoni, wanaume suruali ndefu, na uwe na noti ndogondogo za sanduku la ukarabati na za yule mama mwenye ufunguo.